Utakapojua Habari za Watu

Sifa mwanangu,

Umekwenda kuwaaga akina mama wa kwaya, na mama yako yuko jikoni anakaanga karanga zako za njiani kana kwamba Kasongo hakuna karanga. Nyumba imetulia. Nadhani kesho utulivu huu utakuwa wa kila siku, basi nimeona nianze kuuzoea huku nikikuandikia.

Habari za blanketi, za sabuni, za nani umsalimu na nani umwepuke, mama yako amekwisha kukuambia, na akikumbuka jingine atalikimbiza mpaka kwenye kamyo itakayokubeba. Mimi sina la kuongeza hapo. Ninalo jambo ambalo nimejaribu kukuambia tangu masista walipoleta habari kwamba wamekukubali, na kila mara nimeishia kukuuliza kama umekula. Ukiniona natoka uani nikizunguka kuku bila sababu, ujue ni hilo.

Unakwenda kujifunza kazi yangu. Kazi ya uzazi si sawasawa na ya dispanseri, lakini ni mama mmoja na baba mmoja. Watakufundisha kuchemsha vyombo, kupima homa, kuweka sikio juu ya tumbo la mama na kuusikia moyo wa mtoto unavyokimbia. Utayajua hayo kunishinda. Kuna kitu kimoja ambacho mimi sikufundishwa, wala sijui kama kinafundishwa: namna ya kukaa na habari za watu. Utakuwa sokoni unanunua chumvi, mtu anakusalimia, anakuulizia wazazi wako, na wewe unajua juu ya mwili wake jambo ambalo mume wake halijui. Utatabasamu, utachukua chumvi yako, utakwenda. Mimi nimekaa hivyo maisha yangu yote, na mahali nilipojikwaa ni kwa dada yangu, shangazi yako Mwavita.

Wewe unamjua kwa jina, na kwa siku moja ambayo nitaifikia. Mimi nilimjua kwa mgongo wake. Mama yetu alikufa mimi bado natambaa. Mwavita mwenyewe alikuwa mtoto, lakini akanifunga kitambaa mgongoni na hakunishusha mpaka nilipokuwa mzito wa kumwangusha. Wenzake walipocheza, yeye alisimama pembeni akiyumba kulia na kushoto nisiamke. Hiyo desturi haikumtoka. Hata alipokuwa mtu mzima, akisimama kuongea na jirani, mikononi hana kitu, alikuwa anayumba. Watu wa Wamaza, kijiji chetu, walimcheka, naye alicheka pamoja nao. Kicheko chake kilikuwa cha kupasuka, cha mtu asiyeziba mdomo.

Akaolewa na Amisi. Amisi alikuwa rafiki yangu kabla ya kuwa shemeji yangu. Tulichunga mashamba ya mpunga pamoja tukifukuza ndege, tukapigwa pamoja tulipolala ndege wakala. Alipokua alikuwa kapita wa pamba, yule anayesimama kwenye soko la pamba na kufuatana na kamyo mpaka Kongolo. Mtu wa maneno, mtu wa kucheza ngoma, mtu wa kuleta zawadi. Alimpenda dada yangu. Nataka ulijue hilo mapema, kwa sababu nikianza kusema mengine utamchukia, nami sitaki umchukie.

Mimi nilimaliza masomo Kasongo, wakanituma dispanseri ya Wamaza. Nilifurahi kama mwendawazimu. Kurudi kwetu, nimevaa nguo nyeupe! Mzee aliyetufundisha Kasongo alinitazama akasema, “Wewe una bahati mbaya. Watakuletea magonjwa pamoja na undugu.” Nilidhani ananionea wivu.

Kazi yenyewe ilikuwa kama ninavyoifanya sasa, unaijua. Mtu anaumwa kichwa, anataka sindano. Ukimpa kidonge anakwenda kukusema kwamba umeificha dawa. Mama mmoja mzee alikuja kila asubuhi hana ugonjwa wowote, anataka tu nimshike mkono nihesabu damu inavyopiga, kwa sababu nyumbani hakuna tena mtu wa kumgusa. Munganga mzungu alipita mara chache, akiwa na haraka, akatufokea juu ya vyoo, akaondoka. Katikati ya ziara zake nilikuwa peke yangu, na bado sikuwa na mke wa kuniambia nimekosea wapi.

Mwavita hakupata mtoto. Mwaka wa kwanza watu walinyamaza. Baadaye mama mkwe wake akaanza kusema kwa mafumbo, na baadaye tena bila mafumbo. Dada yangu akanywa mizizi ya kila namna. Akaja kwangu. Unajua desturi zetu, ndugu wa kiume hawezi kumpima dada yake mambo ya tumbo la uzazi, hata nguo nyeupe haifuti hilo. Nilimwambia avumilie. Akasema, “Mudogo wangu, wanakupa mushahara kwa kusema ‘vumilia’?” Akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani.

Ndipo Amisi akaja. Hakupita mbele, alitokea nyuma, katikati ya mihogo, wakati wagonjwa wamekwisha kuondoka.

“Shemeji, funga mulango kwanza.”

“Umefungwa.”

“Niapie hautasema kwa mutu. Hata kwa Mwavita. Zaidi Mwavita.”

Nikaapa. Mwanangu, nilidhani amepoteza kitu cha kazi, au amepigana na karani. Niliapa kama unavyomfungulia mtu mlango kabla ya kuuliza nani. Akafungua kaptula yake akanionyesha. Alikuwa na kisonono, cha siku nyingi.

Nilimpa vidonge, ambavyo vilikuwa vipya wakati ule na vilifanya kazi vizuri. Nikamwambia, “Mwavita naye lazima ameze. Usipomleta utapona leo, halafu atakurudishia, na yeye mwenyewe itamharibu ndani.”

“Nitamwambia nini? Kama niliokota homa Kongolo?”

“Mwambie kweli.”

“Kweli iko nzito, shemeji. Wewe haujaoa.” Akafunga kaptula. Akaona ninatazama mlango, akashika mkono wangu. “Usiniandike kwa muzungu. Nakuomba. Unajua wanavyofanya.”

Nilijua. Njia ya Leta, ya serikali, ilikuwa wazi: mwenye ugonjwa ule aandikwe, na mke wake aitwe. Kuitwa kwenyewe kulikuwa polisi kuja na kofia yake nyekundu, kusimama mbele ya nyumba, na mwanamke kufuatana naye katikati ya kijiji watu wakihesabu nyendo zake. Nilimwona mwanamke mmoja akipelekwa hivyo. Hakuwa ametenda lolote, na tangu siku ile hakuonekana sokoni. Sikutaka dada yangu apelekwe hivyo. Nikanyamaza.

Nilijaribu ujanja. Mwavita alipokuja analalamika tumbo linamuunguza, nilimpa vidonge vilevile nikamwambia ni vya homa. Akameza mbele yangu, kwa kuniamini, akakunja uso kwa uchungu wa dawa. Alipata nafuu. Nilijiona nina akili. Lakini Amisi alisafiri tena na pamba, akarudi tena nyuma ya mihogo, na baada yake dada yangu akarudi na tumbo lake, safari hii ameinama kama bibi kizee. Nilikuwa nafunga jeraha kwa mkono mmoja na kisu kiko bado ndani. Alinitazama akiwa amelala kwenye mkeka wa dispanseri, akaniuliza, “Niko na nini? Wewe unajua. Nakuona kwa macho yako unajua.”

“Homa ya tumbo, yaya,” nikamjibu dada yangu mkubwa.

Nimesema uongo mwingine maishani, nikausahau. Huo naukumbuka na sauti yake, hata harufu ya mkeka.

Halafu mama mkwe akapata mchumba wa pili. Msichana wa Lusangi, jina lake Zaina, mtoto wa watu wema, umri wake kama wako sasa. Desturi iliruhusu, na wazee wa pande zote walikubali. Mwavita mwenyewe alikubali. Alisema afadhali nyumba iwe na mtoto wa mtu kuliko kukaa kimya. Nilimwona msichana yule siku alipoletwa kusalimia. Alikaa kwenye ncha ya kigoda, miguu pamoja, akila wali kidogo kidogo kwa adabu. Nikafikiri: na huyu pia?

Nikamtafuta Amisi, nikamkuta kwenye ghala la pamba. Nikamwambia, “Kabla ya ndoa, useme. Kwa Mwavita kwanza. Nitakuja pamoja na wewe, nitakaa karibu, nitasema dawa iko, na mutu anapona. Lakini useme wewe.”

“Nitasema.”

“Lini?”

“Pamba ikiisha.”

Pamba ikaisha. Hakusema. Siku ya ndoa ikatajwa. Nikamwendea tena, akaniambia, “Kesho.” Na macho yake, Sifa, hayakuwa ya mwongo. Yalikuwa ya mtu anayesimama juu ya jiwe mtoni anayetaka kuruka na miguu inakataa. Mpaka leo nayafikiria macho yale.

Sikungoja hiyo kesho. Nilimkuta Mwavita kijitoni, anatoa mihogo iliyolowa, anaimenya na kuiweka kwenye kikapu. Nikakaa juu ya jiwe, nikamwambia yote. Jina la ugonjwa, ulitoka wapi, kwa nini tumbo linamuunguza, kwa nini labda hatazaa. Nilisema kama tulivyofundishwa, kwa utaratibu, na nikiwa nasema nikajisikia mwepesi. Jihadhari na wepesi ule, mwanangu. Sikuwa nimeutua mzigo, nilikuwa nimeuhamishia kwake.

Aliendelea kumenya mihogo. Baadaye akauliza, “Ulijua tangu lini?”

“Tangu pamba ya mwaka jana.”

“Na ile dawa ya homa?”

Nikaokota muhogo mmoja, nikauweka kwenye kikapu chake.

Akaosha mikono polepole, kidole kwa kidole. “Amisi alinificha kwa sababu ni bwana yangu, na mabwana wanaficha. Hilo nitalia, litaisha. Lakini wewe? Nilikubeba mpaka mugongo ukapinda. Uliniona nalala pale chini, ukaniambia homa.” Akainua kikapu, akakiweka kichwani, akaenda. Hakuyumba hata kidogo. Nilimtazama mpaka migomba ikamficha.

Siku wazee wa Lusangi walipokuja kumaliza maneno ya ndoa, Mwavita alitoka jikoni akiwa amebeba maji ya kunawa. Akawanawisha wote, mmoja mmoja, kwa heshima. Halafu akasimama mbele yao na kusema, “Baba zangu, rudini na mutoto wenu. Bwana yangu iko mugonjwa wa kisonono. Na mimi pia. Munganga anajua.” Akanionyesha kwa kidole, maana nilikuwa nimeketi pale pale, ndugu wa mke, na bakuli mkononi.

Hakuna aliyepiga kelele. Wazee wa Lusangi walisimama, wakachukua fimbo zao. Amisi alinitazama. Hakukasirika, afadhali angekasirika. Alinitazama kama siku ile ya ndege na mpunga, tulipokuwa tunangoja kupigwa na kila mmoja anamtazama mwenzake aone kama atalia. Usiku uleule akaondoka na kamyo, na Wamaza haikumwona tena.

Ungeniuliza wakati ule, ningesema nimefanya vema. Zaina aliokoka. Mwavita nilimpeleka mwenyewe hospitali ya Kasongo, sista mmoja akampima na kumtibu, maumivu yakaisha, ingawa kwa habari ya mtoto sista alitikisa kichwa. Nikarudi kazini. Dispanseri ilikuwa tupu.

Nilidhani ni siku ya soko. Lakini kesho yake ikawa vilevile, na juma lililofuata. Watoto wenye vidonda walikuja, mama mzee wa kushikwa mkono alikuja. Wanaume hawakuja, wala wanawake wenye habari za chini ya nguo. Nikisogea penye maongezi, maongezi yanageuka kuwa ya mvua. Mtu mmoja mlevi ndiye aliyenifanyia wema wa kusema wazi: “Kinywa cha munganga hakina mulango.”

Kulikuwa na mkulima, jina lake Mulamba, mtu mnyamavu mwenye shamba zuri la mihogo na watoto wengi. Alikuwa na ngiri, imeshuka, ameificha kwa kufunga kitambaa chini ya nguo. Kitu kama hicho, ukikiona mapema unampeleka Kasongo wanakata na kushona, mtu anarudi kulima. Waliniletea kwenye machela kutoka shambani, utumbo umekwisha kukazwa, tumbo gumu kama ubao. Hakukuwa na kamyo siku ile. Tulianza kumbeba kwenda Kasongo kwa miguu, tukibadilishana mabega, na alikufa njiani kabla ya mto. Mke wake alikuwa anatembea kando yangu. Hakunitukana. Alisema tu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayekupa ujumbe aliotumwa: “Nilimwambia akuone. Akasema ni afadhali kufa kuliko utumbo wake usimuliwe kijitoni.”

Sijui nikuambie nini juu ya hilo. Nikiweka Zaina upande huu na Mulamba upande ule, sipati jibu, na nimekwisha kuacha kujaribu. Kitu kimoja ninachokijua ni kwamba niliapa haraka mno na nikasema haraka mno, na katikati, wakati wa kukaa na Amisi, kumrudia, kumrudia tena, kumshika mkono kwa nguvu na kumvusha lile jiwe, nilichoka kabla yake. Yawezekana hata ningemngoja angeshindwa. Yawezekana.

Leta ikanihamishia hapa Kabambare, nikamwoa mama yako, ukazaliwa wewe. Mama yako hakuniuliza sana. Aliona jinsi ninavyofanya mtu anapotaka niape, akanielewa. Ndiyo hivyo mpaka leo: mtu akisema “niapie,” ninamwambia, “Kaa kwanza. La kwako nitakaa nalo. Lakini kama linamla mtu mwingine, tutakwenda kumwambia mimi na wewe, na sitakuacha peke yako siku hiyo.” Wengine wanasimama na kuondoka. Wengi wanakaa.

Na Mwavita? Zaina aliolewa na mkulima wa kwao Lusangi, akapata watoto, akapata wengi kuliko mikono. Akamtumia Mwavita ujumbe: mama, njoo, hawa ni wako pia. Naye akaenda. Ndiko anakokaa. Nilimfuata mara moja, kabla hujaanza kutembea. Nilimkuta uani na mtoto mgongoni, anayumba. Alinipikia sombe na samaki, akanipa maji ya kuoga, akanitandikia kitanda. Alinijibu kila nililomuuliza. Hakuniita mudogo hata mara moja. Aliniita munganga. “Karibu, munganga. Umeshiba, munganga?” Nilirudi njia nzima nikilisikia neno hilo, na nilikuwa nimelisomea neno hilo kwa jasho.

Sasa nafika siku ile moja.

Ulikuwa umeanza shule. Mtu aliletwa dispanseri amelala juu ya baiskeli iliyofungwa mbao, macho ya manjano, tumbo limejaa maji. Nilimgeuza nimpime, akasema, “Shemeji, haunijui?” Alikuwa Amisi. Ameumwa Kongolo, na badala ya kwenda hospitali iliyo karibu, amesafiri mpaka kwangu.

Nikamuuliza kwa nini kwangu. Akacheka kwa shida. “Kwa sababu kinywa chako nakijua. Vya wengine sijui.”

Nilimtunza kwa muda aliobakiwa nao, haukuwa mrefu. Tuliongea habari za ndege na mpunga. Siku moja, nikimwosha, nilijipa moyo nikamuuliza lile swali. “Ile kesho uliyosema. Ungesema kweli?”

Alifumba macho nikadhani amelala. “Nilikuwa naenda kijitoni kumwambia,” akasema. “Niliwaona ninyi wawili, nikarudi.” Halafu akageuza uso. “Ao labda leo ndiyo ninasema hivi. Sijui tena.”

Nikamwambia nitamwita Mwavita, Lusangi si mbali. Akashika mkono wangu kama siku ile ya kwanza. “Hapana. Asinione hivi. Wacha akumbuke ule Amisi wa kucheza ngoma. Shemeji, hii moja unichungie.”

Nilimwambia dada yangu anampenda bado, nadhani hivyo. Nilimrudia asubuhi, nikamrudia jioni. Nilimkumbusha kwamba mwenye kuachwa nyuma naye ana haki yake. Akakataa kila mara. Na habari hii haikuwa inamla mtu mwili. Ilikuwa ya kwake, kifo chake, uso wake wa manjano. Basi nikaichunga. Akafa, tukamzika hapa kwa desturi za Waislamu wenzake, na baada ya mazishi nikatuma mtu Lusangi.

Mwavita alifika matanga yakiwa yanakaribia kuisha, vumbi mpaka magotini. Akasimama mlangoni. Wewe ulikuwa umekaa chini na mama yako unachambua mchele.

“Ulijua,” akasema.

“Nilijua, yaya.”

“Alikuwa hapa, anaumwa, na mimi nilikuwa Lusangi natwanga.”

“Alikataa uitwe.”

“Na safari hii ukanyamaza.” Akanitazama kwa muda, machozi yakishuka bila yeye kuyafuta. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kupigwa. Akasema, “Mudogo wangu, kinywa chako hakijui saa.”

Nilisikia lile neno, mudogo, kabla ya kusikia lililofuata. Nilikaa chini palepale nikalia mbele yako na mama yako. Unaweza kuwa unakumbuka, ulinishika sikio ukaniuliza nani amekupiga. Yeye aliketi karibu yangu, akalia ya kwake. Hatukusameheana kwa maneno. Asubuhi alikuita, akakuosha, akakuchana nywele taratibu akikuangalia sana, akaondoka kabla jua halijawa kali. Ndiye yule mama uliyemuulizia juma zima. Nilikujibu kwamba ni mtu wa mbali, na nilikuwa nasema kweli.

Tangu hapo ananitumia karanga au mpunga mtu akitoka Lusangi, nami ninamtumia chumvi na dawa ya macho. Hatujaonana tena. Yeye amezeeka na barabara ni mbaya. Mimi nina dispanseri ambayo haifungwi. Nikisema hivyo, ujue pia naogopa. Mara nyingine nikitoka kazini jioni, nikimwona mwanamke yeyote amesimama njiani na mtoto mgongoni anambembeleza, ninasimama bila kutaka. Mama yako anasema ndiyo maana chakula changu kinapoa kila siku.

Sikuandikii haya ili uogope kazi, wala ili uniambie nilikosa wapi. Utakapofika mahali nilipofika mimi, huenda utafanya kinyume changu, na huenda nako mtu ataumia. Nilitaka tu usidhani, siku ile ikikukuta, kwamba wewe ni mbaya au mjinga kwa sababu hujui la kufanya. Hata mimi, baba yako, mwenye mvi na nguo nyeupe, sikujua.

Kesho kamyo ikipiga honi hutasikia haya kutoka kwangu. Utaniona nakagua kamba za mizigo, nagombana na dereva juu ya mahali pa kukaa, nakuuliza kama umekula. Mama yako atalia kwa ajili yetu wawili. Barua hii nitaiweka kati ya nguo zako; utaikuta ukifika, nami nitakuwa mbali, sitaiona sura yako ukiisoma, na ni afadhali hivyo. Ninaona jinsi kitanda chako kitakavyokuwa kimetandikwa vizuri mno. Ninaona nitakavyokuita kwa kusahau, niletewe maji.

Huko kwenye nyumba ya uzazi, itafika siku utaambiwa jambo au utaliona, na litakaa kifuani kama jiwe la kusagia, na utatazama wenzako mezani ukijua huwezi kumwambia hata mmoja. Siku hiyo chukua kalamu. Usiandike jina, wala kijiji, wala ugonjwa. Andika tu: Baba, leo nimejua jambo. Nami sitakuuliza ni nani. Nitakaa nalo hapa Kabambare, wewe utakaa nalo huko Kasongo, na tutakuwa watu wawili tunaolibeba jambo tusilolitaja.

Mimi, baba yako mwenye kukungoja hata kabla hujaondoka,

Kitenge